Mwenye Kuleta Anakunywa Kwanza

Watoto wangu, jeran wenu, musimamizi wa kampuni, alinipigia simu akaniomba niwaandikie ukurasa moja juu ya kazi ya fromaji, ile wengine wanaita jibini, na juu ya yale maneno mulioandika kwenye ukuta wenu, valeri za kampuni, ni kusema mambo munayoyathamini. Ukurasa moja. Kumbe muntu huyo hanijui. Mimi Mama Faida niligeuza fromaji mu kave ya laiteri, chumba cha chini cha kuivishia mu nyumba ya maziwa, tangu nikiwa bibi arusi mpaka magoti yakagoma, na sijawahi kusalimia jirani kwa maneno yanayoenea ukurasa moja. Mukichoka mukae kidogo, mukirudi mutanikuta ningali naongea.

Nianze na ukuta wenu. Niliuona siku ile mulinialika kuonja kazi yenu. Rangi nzuri, herufi zimenyooka, sina ubaya nao. Lakini nilimuuliza binti mumoja anayefunga fromaji mu karatasi, lile neno la tatu lina maana gani. Akaangalia kushoto, akaangalia kuume, akaniambia, "Mama, ile iko ya wageni." Tulicheka sisi wawili mpaka akaangusha kisu. Sikumucheka yeye. Na sisi tulikuwa na ukuta, na mutu angeniuliza mimi siku zile ningejibu vile vile. Njo sababu nimekubali kuandika, ijapokuwa macho yangu siku hizi yanataka jua kali na miwani ya mukwe wangu.

Mimi ni wa Nyamitaba kwa kuzaliwa, wa Bihambwe kwa kuolewa, yote ni vilima vya Masisi. Laiteri yetu ilikuwa juu ya kilima, upande wa juu wa Bihambwe, nyumba ya mbao na mabati, moshi unatoka kila pahali isipokuwa kwenye tundu la moshi. Mwenye mali alikuwa mufanyabiashara wa Butembo, mukristo wa misa ya kila siku, mwenye maduka na malori, na tulimuona kwa nadra kama askofu. Aliyebaki na sisi alikuwa jeran Kakule, mutoto wa dada yake, kijana aliyesoma mambo ya biashara. Alifika na viatu vyeupe mu matope ya Masisi. Juma lililofuata tulimuona na buti za mupira kama sisi wote, na tangu siku ile nilianza kumupenda, maana muntu anayebadilisha viatu haraka anaweza kubadilisha na mambo mengine.

Bwana wa sufuria alikuwa Papa Bahati, mukulima wa kilima kile kile, mababu zake wamezikwa pale. Mapadri wa zamani walimufundisha fromaji alipokuwa kijana, na yeye alitufundisha sisi. Alikuwa muntu wa maneno machache na kikohozi kingi. Munafikiri kugeuza fromaji ni kugeuza tu. Hapana. Ikilala upande mumoja, maji yanashuka, chini kunaoza na juu kunapasuka. Unaigeuza kila asubuhi, unaifuta na kitambaa cha maji ya chumvi, unaiangalia uso. Papa Bahati alisema fromaji ni mugonjwa wa kitandani, usipomugeuza anatoka vidonda. Siku za kwanza nilikuwa nageuza nikiwaza habari ya mume wangu na mama mukwe. Alikuwa anapita nyuma yangu, anaigusa moja kwa kidole, anakohoa. Nikisikia kile kikohozi, narudilia kazi yote tangu mwanzo. Mungu amupe pumziko, sijawahi kupata muntu aliyenigombeza vizuri kama yule bila kufungua mudomo.

Halafu kulikuwa Dieudonné. Huyu njo alikuwa mukono wa kuume wa Papa Bahati, mwenye kupima moto wa maziwa kwa kiwiko na kukata yale yaliyoganda. Alikuwa na mikono mirefu na mucheko mukubwa. Juma alilooa alikuja kazini amejipaka marashi ya Goma, akatumbukiza mikono mu sufuria mpaka kwenye bega. Fromaji za siku ile zilipoiva, mununuzi wa mujini alinusa moja akauliza kama inaenda kuoa ao kuolewa. Zote zikarudi. Tukangoja tuone Dieudonné atafanywa nini. Papa Bahati alizikata vipande, akagawia kila mutu sehemu yake, na jeran ya kwake, tukala ile harufu ya arusi mpaka ikaisha. Hakuna aliyeulizwa ni nani alikosa. Tulijua, na Dieudonné alijua kama tunajua, na hakujipaka tena kitu hata siku ya Pasaka.

Sasa muniache niwaonyeshe mulango, maana bila mulango hamutaelewa kitu. Kwenye mulango wa kupokea maziwa kulikuwa kikombe cha bati kimefungwa kwa kamba. Mwenye kuleta akifika na bido yake, dumu la maziwa, Papa Bahati anachota kidogo ndani ya ile bido, anamupa, na yule anakunywa mbele ya wote. Kisha bido inamwagwa mu sufuria. Si Papa Bahati aliyeanzisha. Huku kwetu, anayekukaribisha pombe anaonja yeye wa kwanza, ujue hakuna sumu ndani. Kwa maziwa ilisaidia mara mbili, sababu aliyeongeza maji ya mutoni hakunywaka kwa furaha. Kulikuwa papa mumoja, sitamutaja, wajukuu wake wako wazima, alikunywa maziwa yake mbele yetu, akafikiri, kisha akasema leo ni mepesi kwa sababu mvua imenyeshea ng'ombe sana. Tulimuachia apite siku ile kwa ajili ya akili yake tu.

Kakule alienda Goma kwa formasyo, mafunzo ya wakubwa wa kazi. Akarudi na karatasi kubwa na kalamu za rangi, akatukalisha juu ya bido tupu, akatuambia kila kampuni inapaswa kuwa na valeri. Akaandika Ekselansi. Akaandika Entegrite, Konfiansi, na kubwa yao, Sinerji. Papa mumoja mwenye kuleta maziwa, aliyekuwa anangoja bido yake, akauliza kwa heshima kama hiyo dawa ya Sinerji inaua na kupe. Kakule alicheka mpaka machozi. Huo ulikuwa wema wake, alijua kujicheka. Akageuza ile karatasi, akasema basi, muniambie ninyi, hapa munaishi na nini?

Ni vigumu kusema kitu unachofanya kila siku, kama vile kueleza namna unavyotembea. Mwishoni Papa Bahati alikohoa akasema, "Mwenye kuleta anakunywa kwanza. Kosa la mumoja tunalila wote. Na sufuria iko moja." Hilo la mwisho lilikuwa hivi: maziwa ya kilima chetu na ya vilima vya ng'ambo, ya tajiri na ya mujane, yote yanamiminwa mu sufuria moja kubwa ya shaba, na yakiisha kumiminwa hakuna mwenye kusema haya yangu. Kakule aliandika vile vile Papa Bahati alivyosema. Kwenye ukuta walipaka yale ya Kifaransa, sababu mujomba wake alitaka wageni wasome. Hatukukasirika. Tuliona kama tumekwisha kupata valeri zetu, kazi imeisha. Hatukujua kama ilikuwa haijaanza.

Vita ya kwetu munaijua. Ilikuja, ikaenda, ikarudi na jina lingine. Sitasema makabila. Wa kwetu wanajua, na wageni haitawasaidia kitu. Nitasema tu watu wa upande wetu wa bonde, na watu wa ng'ambo. Ng'ombe zilichukuliwa huku, na kule zikachukuliwa. Watu waliokuwa wanaachiana moto wa kupikia asubuhi wakaanza kupitana njiani kila mutu anaangalia miguu yake. Ila maziwa yaliendelea kuja mulangoni, kutoka pande zote, na sisi tuliendelea kuyapokea. Mpaka siku ya Safari.

Safari alikuwa mudogo wake Dieudonné, tumbo moja. Alikuwa motari, mwendesha pikipiki, anabeba chumvi, sabuni na fromaji zetu kwenye pikipiki yake mpaka Pinga, kule Walikale, njia ambayo hata shetani anashuka anasukuma. Siku moja aliingia kwa watu njiani kujikinga mvua, wakamupa maziwa. Alipofika Pinga alianza kutapika, na hakupona. Hakuna daktari aliyemupima. Njia ilikuwa imefungwa kwa mapigano, wakamuzika kule kule, na kaka yake hakutia hata udongo. Habari ilipotufikia ilikuwa imekwisha kuota miguu: Safari alipewa sumu mu maziwa, na watu wa ng'ambo njo walimupa. Ilikuwa kweli? Mpaka leo sijui. Njia ya Pinga ina maji mabaya na homa nyingi. Lakini wewe nenda ukamuelezee mwenye kilio habari ya homa.

Dieudonné alirudi kazini baada ya kilio, mucheko umebaki kaburini. Alisimama mbele ya sufuria akasema hatatia tena mikono yake mu maziwa ya watu wale. Hakupiga kelele. Vijana wengine wa upande wetu wakasimama nyuma yake, na wenzetu wa ng'ambo waliokuwa wanaosha bido wakainamisha vichwa wakaendelea kuosha. Mimi nililia pale pale na kitambaa changu cha chumvi mukononi. Nilimulilia Safari, aliyekuwa ananiletea ndizi za Walikale, na nilitulilia sisi.

Kakule aliogopa. Simulaumu, alikuwa kijana, na barabarani kulikuwa watu wenye bunduki waliotaka kujua nani anakaa na nani. Akaagiza sufuria mbili, ndogo, moja ya maziwa ya huku, moja ya maziwa ya kule, kila moja na moto wake na watu wake. Alisema ni ya muda, kwa amani. Na kweli, kulikuwa kimya. Watu walifanya kazi wakipeana migongo.

Sasa, watoto, sikieni habari ya kazi. Maziwa kidogo yanashika moto haraka kuliko mukono wako. Unageuka kuchukua kuni, ukirudi yamepita kipimo. Na fromaji ndogo inakauka kabla haijaiva, ngozi inapasuka, katikati kunakuwa kama sabuni ya kufulia. Mu kave nilikuwa nageuza mawe. Papa Bahati aliziangalia juma la kwanza, la pili. Kisha alichukua fromaji moja ya kila sufuria, akaziweka mezani mbele yetu sote, akatuomba tumuonyeshe ile ya kwetu na ile ya ng'ambo. Tulizishika, tulizigonga, tulizinusa. Mumoja alisema hii, mwingine akasema hapana. Zote zilikuwa mbaya sawasawa. Hapo nilisikia Dieudonné anapumua kwa pua, na kama si kilio ningesema alitaka kucheka.

Tukarudisha sufuria kubwa. Lakini Dieudonné na wenzake waliweka sharti lao: watu wa ng'ambo hawataonja tena kidogo kama wengine. Watakunywa kikombe kikubwa, kimejaa, na watangoja pembeni mpaka ionekane wako wazima, kisha ndiyo bido zao zimwagwe. Na Dieudonné mwenyewe atasimama mulangoni kushika kile kikombe. Kwenye sufuria hatarudi, mwingine akate. Nilifikiri Papa Bahati atakataa. Alikubali. Aliniambia baadaye, nilipomufuata nikiwa na hasira, ya kwamba moto ukizidi unatoa kuni moja moja, ukimwaga maji mara moja sufuria inapasuka. Nilimuambia Papa, hii siyo sufuria, hii ni watu. Akakohoa.

Katika wale wa ng'ambo alikuwa Mama Vumilia. Mujane, tulilingana umri, wakati wa amani tulikuwa tunapeana mbegu za maharagi. Alikuwa amebakiwa na ng'ombe moja na watoto wadogo. Aliteremka bonde kila asubuhi na bido kichwani, na laiteri ilimupa chumvi, sabuni, na yale maji ya maziwa yanayobaki, ya kupikia uji. Aliniambia siku moja kwa sauti ndogo ya kwamba mulango huu ukifungwa, yeye hana cha kumushika kilimani, atachukua watoto aende kambini. Na kambi ya wakimbizi ya siku zile, watoto waliingia wengi kuliko walivyotoka. Kwa hiyo alikunywa. Kila asubuhi alipokea kile kikombe kikubwa kwa mikono miwili, anakunywa mpaka mwisho, Dieudonné anamuangalia koo. Kisha anaenda kusimama pembeni, mu mvua ao mu jua, anangoja aonekane hajakufa. Wa upande wetu wanaonja, wanamwaga, wanaenda. Tulikuwa tunapita karibu yake na kazi zetu, na hatukumuangalia.

Munaona? Mwenye kuleta anakunywa kwanza. Maneno yalikuwa yale yale. Papa Bahati aliyasema mbele ya karatasi ya Kakule, na hatukubadilisha hata moja. Valeri inaweza kuoza ndani na ngozi yake ikabaki nzuri, kama fromaji ambayo hakuna aliyeigeuza.

Asubuhi moja Mama Vumilia alifika, Dieudonné akainua bido yake akaona iko nyepesi. Akamuuliza kwa ukali yale maziwa mengine ameyapeleka wapi. Mimi nilikuwa kwenye ngazi ya kave, nilisikia yote. Mama Vumilia hakukasirika. Alimujibu kama mutu anayeeleza njia.

"Iko yote humo, kaka. Ng'ombe haiendi tena malishoni, tunaogopa, inakula mbele ya nyumba tu. Zamani nilikuwa naachia watoto kikombe kimoja nyumbani. Tangu mulinipa hii kikombe kubwa, hainabaki tena ya kuwaachia. Ile yao njo ninakunywaka hapa."

Akapokea kikombe, akanywa, akaenda kusimama pembeni.

Dieudonné alibaki na kamba ya kikombe mukononi. Wengine walileta bido zao, akawapokea. Kazi ilipoisha alimufuata Papa Bahati kwenye kuni, akakaa chini. Nilikuwa naanika vitambaa, na siwezi kuwadanganya, nilianika polepole. Alimuomba Papa atoe amri, kikombe kikubwa kiondolewe, apate kuwaambia wenzake kama ni mukubwa amekataza. Alisema mwenyewe hawezi. Kila anapoona maziwa anamuona Safari anatapika mu nyumba ya watu asiowajua, na yeye hayuko pale kumushika kichwa. Alilia, mwanaume yule mwenye mikono mirefu.

Papa Bahati alimuacha alie. Kisha akamuambia, "Nikitoa amri, itakuwa neno langu, na siku nitakufa itakufa. Ukifanya wewe, itakuwa ya kwetu."

Alimupa gogo la kupasua.

Kabla sijamaliza, niwape shukrani zangu, maana nikifika mwisho sitataka kusema kitu tena. Laiteri ile haiko. Vita ilipanda kilima mara nyingine, wakachukua mabati, wakachukua na sufuria ya shaba. Siku tuliyokimbia, Kakule alikuja na lori la mujomba wake akatupakiza wote, wa huku na wa ng'ambo, na walipomuambia kwenye kizuizi ashushe nusu, alizima moto wa gari akakaa. Alikaa pale kwenye usukani mpaka wakachoka wakatuacha tupite na jasho lake. Namushukuru Kakule na buti zake. Namushukuru Papa Bahati, aliyekufa Sake, kule tulikokimbilia, mu kitanda chake, tumemuzunguka, na mimi nilimugeuza kila asubuhi, hakutoka kidonda hata kimoja. Nashukuru kwa magoti yangu mabaya, yalipatikana kwa kazi nzuri. Wenzangu wengi wa vilima vile walipewa na vita chuki peke yake. Mimi nilipewa pia watu wa kunionyesha namna nyingine, na sikuwa mwema kuliko wengine. Nilikuwa tu nimesimama karibu.

Basi nirudi mulangoni, kesho yake ya yale machozi.

Mvua ilikuwa imekatika, mustari wa bido ulikuwa murefu. Mama Vumilia akafika kwenye zamu yake, akashusha bido, akafungua, akanyoosha mikono miwili kama kila siku. Dieudonné alichota kikombe kimejaa. Hakumupa. Alikishika karibu na kifua, na watu wa nyuma wakaanza kunyoosha shingo, kuna aliyenong'ona ya kwamba ameona sumu. Hata Mama Vumilia aliogopa. Nilimuona anarudi hatua.

"Mama," Dieudonné akasema, "ndugu yangu alikunywa maziwa mu nyumba ya watu, akakufa. Mimi naogopa. Sikufichi."

Kisha akakunywa yeye. Muelewe vizuri, watoto wangu. Hakuwa anacheza mbele ya watu. Aliamini kabisa kama inawezekana akafa pale. Nilisikia bati linagonga meno yake, maziwa mengine yakamumwagikia kidevuni, lakini alikunywa mpaka mwisho, macho yamefungwa. Vijana wa upande wetu wakamushika bega wamuzuie, akalitikisa bega. Papa Bahati alikuwa kwenye sufuria, hakukohoa.

Dieudonné alifungua macho. Alipangusa mudomo, akamuangalia Mama Vumilia usoni, kwa mara ya kwanza tangu kilio.

"Mimina, Mama. Hakuna kungoja. Na kesho kile kikombe kibakie kwa watoto."

Mama Vumilia hakusema aksanti. Aliinua bido yake nyepesi, akapita mulango ambao hakuwa amepita tangu siku ya Safari, akaimimina mwenyewe mu sufuria mpaka tone la mwisho. Dieudonné akaingia nyuma yake. Akamuomba Papa Bahati amupishe, akanawa mikono, akakunja shati mpaka kwenye bega, akatia kiwiko ndani ya yale maziwa yetu yote, kupima moto.